Mawe ya Bugufi

Barabara inayotoka Ngara mjini kwenda Kabanga na kuvuka hadi Kobero, Burundi, hupita katikati ya vilima vilivyolimwa hadi juu: migomba, maharage, mihogo na kahawa. Hii ndiyo Bugufi, nchi ya Wahangaza. Mpaka wa Tanzania na Burundi upande huu haufuati mto mkubwa wala msitu. Hupanda kilima, hushuka bondeni na kupanda tena, na kinachoonyesha kwamba hapa nchi moja imekwisha na nyingine imeanza ni alama zilizojengwa na watu: rundo la mawe hapa, nguzo pale.

Tanzania haina jiwe la namna hiyo ambalo halijasingiziwa Mjerumani. Ukikuta jiwe lenye alama, lililosimamishwa mahali ambapo hakuna mwenyeji anayemkumbuka aliyelisimamisha, hukosi mtu wa kukwambia kwamba Mjerumani alipokuwa akikimbia vita alifukia mali chini yake: rupia za fedha, dhahabu, siku hizi hata zebaki. Kwa imani hiyo watu wameng'oa alama za wapima ardhi katika mikoa mingi, wakachimba usiku na kuondoka asubuhi mikono mitupu. Kwa mawe ya Bugufi, Mjerumani anasingiziwa bure. Yaliposimamishwa, yeye alikuwa na miaka minane tangu afukuzwe katika nchi hizi. Walioyaweka ni Waingereza na Wabelgiji, na hati inayoyaeleza ilitiwa sahihi Kigoma tarehe 5 Agosti 1924.

Miaka mia moja tu, na hati ipo, na bado jiwe limeshampata baba wa kambo.

Kabla ya mawe hayo, nchi hii ilikuwa na mipaka ya aina nyingine. Eneo ambalo leo ni Biharamulo lilikuwa ndani ya Rusubi, ufalme wa Wahinda, ambao wasafiri wa karne ya 19 waliuandika Usui. Mashariki ya mto Ruvubu kulikuwa na Bushubi. Magharibi ya mto huo, kwenye vilima, kulikuwa na Bugufi, ambako lugha na desturi zilishabihiana mno na za Burundi. Mipaka ya falme hizi ilikuwa juu ya watu zaidi kuliko juu ya ardhi. Mwami, yaani mfalme, alijua nani anamletea ng'ombe, nani anamletea mtama na majembe, nani ataitika ngoma ikilia. Mtu aliyehamia kilima cha pili akaanza kupeleka mazao kwa mtawala mwingine alikuwa amekwisha kuvuka mpaka, na hakuna aliyehitaji kwenda kupima. Kati ya shamba na shamba palipandwa mimea. Katika mkoa huu wa Kagera, Wahaya hupanda mlamula, ndugu wa sale la Wachaga, mmea usiokufa upesi na ambao kuung'oa ni kutafuta kesi na jirani.

Mgeni aliyetaka kujua mpaka wa Rusubi ulipo aliujua kwa hongo. John Hanning Speke aliujua vizuri. Alifika Usui mwaka 1861 akiwa safarini kutafuta chanzo cha Nile, na maofisa wa mfalme Suwarora wakamzuia, wakadai nguo, shanga na masango, wakapokea, wakadai tena. Suwarora mwenyewe hakumwona. Mzungu yule alilalamika sana katika kitabu chake, lakini ukikisoma kwa jicho la Rusubi unaona serikali iliyokuwa ikifanya kazi yake: inajua nani ameingia, amebeba nini, na haimwachii mpaka alipe. Forodha ya Rusumo, mpakani na Rwanda, leo haifanyi zaidi ya hapo.

Mali iliyopita katika nchi hii haikuwa ya kigeni tu. Warongo, wahunzi wa Biharamulo na Geita, waliyeyusha chuma katika tanuri za udongo, na majembe yao yalikwenda mbali, hata kutumika kama mahari. Chuma katika mkoa huu ni cha zamani mno. Huko Katuruka, upande wa Bukoba, mwanaakiolojia Peter Schmidt aliongozwa na masimulizi ya wazee hadi mahali palipokuwa na mti mtakatifu wa Kaiija, akachimba, akakuta mabaki ya uhunzi wa zaidi ya miaka 2,000. Kumbukumbu ya wazee ilikuwa imeshikilia mahali pale kwa muda mrefu kuliko kuta nyingi za mawe zinavyoweza. Nalitaja hilo kwa sababu mara nyingi tunaambiwa kwamba Afrika ya kati haikuacha alama kwa kuwa haikujenga kwa mawe.

Mei 1894 Mjerumani Gustav Adolf von Götzen alivuka mto Kagera kwenye maporomoko ya Rusumo akaingia Rwanda. Miaka michache baadaye Biharamulo ikapata boma la Kijerumani, lile ambalo kuta zake nene nyeupe zingalipo juu ya kilima. Kwa Berlin, Rwanda, Burundi, Bugufi, Bushubi na Rusubi zote zilikuwa vyumba vya nyumba moja, Afrika Mashariki ya Kijerumani. Nani alikuwa chini ya ofisi ya Bukoba na nani chini ya Usumbura ilikuwa kazi ya makarani, si ya mabalozi. Kisha vita. Juni 1916 majeshi ya Wabelgiji, yaliyojaa askari kutoka Kongo, yalivuka Kagera, yakaitwaa Biharamulo, na kufikia Septemba yalikuwa Tabora. Kwa karibu miaka mitano Mbelgiji ndiye aliyekaa katika boma la Biharamulo, hadi alipolikabidhi kwa Mwingereza mwaka 1921.

Makabidhiano hayo yalikuwa yameshaamuliwa Ulaya. Tarehe 30 Mei 1919 Lord Milner wa Uingereza na Pierre Orts wa Ubelgiji walikubaliana namna ya kugawana nyumba ya Mjerumani. Ubelgiji ilipata Rwanda na Burundi, lakini si zima. Waingereza walikuwa bado wanaota reli ya kutoka Cape Town hadi Cairo, na wapangaji wao waliona kwamba njia nzuri ingepita ng'ambo ya magharibi ya Kagera. Basi sehemu ya mashariki ya Rwanda, Gisaka, ikakatwa na kupewa Tanganyika kwa ajili ya reli ambayo haijajengwa hadi leo. Kusini yake, Bugufi nayo ikaangukia upande wa Mwingereza.

Hapo historia ya nchi mbili jirani inaachana njia. Mwami Yuhi Musinga wa Rwanda hakukubali. Alipata msaada wa wamisionari wa White Fathers, hasa Monsinyori Léon Classe, ambaye alijua kuandika barua zinazosomwa Ulaya. Malalamiko yakafika Geneva, kwenye Shirikisho la Mataifa, na Tume ya Udhamini ikasema wazi kwamba kukata ufalme kwa ajili ya reli si haki. Uingereza ikarudisha Gisaka, na kufikia 1924 mto Kagera ukawa mpaka. Burundi haikuwa na bahati hiyo. Mwami wake, Mwambutsa, alikuwa mtoto mdogo aliyerithi kiti mwaka 1915, na nchi ilikuwa mikononi mwa walezi waliokuwa wakigombana wao kwa wao. Sidhani kwamba hiyo ndiyo sababu pekee, lakini ufalme wenye mfalme mzima na askofu wa kumwandikia barua ulirudishiwa ardhi yake, na ufalme wenye mfalme mtoto haukurudishiwa.

Kwa hiyo makamishna wa mpaka walipotembea nchi hii, upande wa Rwanda kazi ilikuwa nyepesi: mto huo hapo, fuata mkondo wa katikati. Upande wa Bugufi mto mkubwa ulikuwepo pia, Ruvubu, lakini ulikuwa upande usiotakiwa. Bugufi yote iko magharibi yake. Mpaka uliotakiwa ulipita vilimani, kwenye vijito vidogo na migongo ya ardhi, ambako hakuna kitu cha asili kinachosema simama. Ndipo mawe yakahitajika.

Rundo la mawe la mpimaji ni kitu rahisi sana. Unachagua kilele kinachoonekana kutoka vilele vingine. Wapagazi wanakusanya mawe ya pale pale, wanayapanga kwa duara, wanapandisha hadi yaonekane kwa darubini kutoka mbali. Mpimaji anasoma pembe, anaandika daftarini, anahamia kilele cha pili. Maana ya rundo haimo ndani ya rundo. Imo katika daftari, katika pembe na umbali, na baadaye katika hati yenye sahihi mbili. Ondoa hati, na kilichobaki kilimani ni mawe ambayo mchungaji angeweza kuyapanga akisubiri ng'ombe washibe. Mkulima aliyekuwa akipalilia maharage siku ile hakuonyeshwa daftari. Aliona wazungu wawili, wapagazi na bendera, kisha akabaki na rundo.

Kuna mahali Afrika Mashariki ambako tunayo marundo na nguzo bila hati yoyote, na yaliyotokea huko yanafundisha kuhusu Bugufi kuliko mtu angetarajia. Magharibi ya Ziwa Turkana, Kenya, karibu na Kalokol, zimesimama nguzo 19 za mawe meusi ya volkano. Waturkana, waliofika katika nchi hiyo zamani za karibu tu wakilinganishwa na mawe hayo, wanasimulia kwamba hao walikuwa watu waliokuwa wakicheza ngoma. Akaja mgeni wa ajabu, akawaonya wasimcheke. Wakamcheka, wakageuka mawe hapo hapo walipokuwa wamesimama. Wapita njia huweka kijiwe juu ya nguzo, na ukitazama picha za mahali hapo utaona vichwa vya nguzo vimebeba changarawe za watu wa vizazi vingi.

Mwaka 1978 watafiti wawili, B. M. Lynch na L. H. Robbins, waliandika katika jarida la Science kwamba nguzo hizo zilipangwa kutazama nyota. Waliona kwamba zinalenga nyota na makundi saba, Kilimia ikiwemo, zile zile ambazo Waborana wa kaskazini mwa Kenya na kusini mwa Ethiopia huzitumia katika kalenda yao. Walikadiria kwamba zilisimamishwa kama mwaka 300 kabla ya Kristo. Habari ikasambaa dunia nzima: Afrika nayo ina Stonehenge yake! Miaka minne baadaye Robert Soper alirudi na kupima upya. Akakuta kwamba mawe yenyewe yana sumaku na yanaipotosha dira, kwa hiyo vipimo vya kwanza havikuwa salama. Hata ule umri haukutoka kwenye nguzo za Kalokol, bali kwenye makaburi ya Lokori, mbali kusini.

Jibu zito zaidi lilikuja baadaye, kutoka Lothagam, kusini zaidi kwenye upande huo huo wa ziwa. Timu ya Elisabeth Hildebrand, Katherine Grillo na Elizabeth Sawchuk ilichimba chini ya nguzo za huko na kuchapisha matokeo mwaka 2018. Walichokuta ni makaburi. Kati ya miaka 5,000 na 4,300 iliyopita, wafugaji wa kwanza wa bonde lile walichimba shimo kubwa katikati ya jukwaa la mawe lenye upana wa mita 30 hivi, wakazika humo watu wasiopungua 580, wanaume, wanawake na watoto, wamebanana. Karibu kila mmoja alikuwa na pambo: shanga za mawe ya rangi, za mayai ya mbuni, za pembe. Mmoja alivikwa pambo la kichwa lililotengenezwa kwa meno 405 ya panya wa jangwani, na ili kuyapata waliwinda panya wasiopungua 113. Hakuna kaburi la mfalme pale. Hakuna aliyetengwa kwa utajiri wala kwa cheo.

Hilo liliwashtua wengi, kwa sababu desturi ya vitabu ni kusema kwamba mahali penye ujenzi mkubwa lazima palikuwa na mkubwa wa kuamrisha. Wafugaji wa Turkana hawakuwa na wa kuwaamrisha, na walikuwa na haja. Mvua zilikuwa zinapungua, ziwa linarudi nyuma, ufuo wa jana ni vumbi la leo, na familia zilitawanyika kufuata majani. Walihitaji mahali pasipohama. Shimo lilipojaa walilifunika kwa mawe, wakasimamisha nguzo juu, na inaelekea waliondoka kwa utaratibu, si kwa kukimbia.

Angalia sasa orodha ya waliolipatia jiwe la namna hii kazi: wafugaji walilipatia wafu, Waturkana wakalipatia wacheza ngoma, wanasayansi wa 1978 wakalipatia nyota. Si kwamba wa kwanza walikuwa sahihi na wengine wapuuzi. Kila mmoja aliyekuta jiwe limesimama aliliuliza swali aliloamka nalo. Na miaka ya 1970, wakati vyuo vikuu vilipokuwa vinajitahidi kuthibitisha kwamba Mwafrika wa kale alikuwa na sayansi, ilikuwa rahisi mno jiwe kujibu kwamba ndiyo. Vijana wa Tanzania wanaochimba chini ya alama wakitafuta rupia za Mjerumani nao wanauliza swali lao, nalo si gumu kulielewa.

Pwani tumezoea zaidi jambo hili la jiwe kubadilishiwa maana. Makaburi ya nguzo ya Kaole na Malindi tunayaheshimu bila kumjua kila aliyezikwa, na palepale Malindi ipo nguzo yenye msalaba iliyoachwa na Wareno wa Vasco da Gama kuonyesha ulimwengu kwamba wamefika. Leo watalii hupiga nayo picha.

Huko Bugufi, swali liliulizwa na mfalme. Mwambutsa alikuwa amekua. Baada ya Vita Kuu ya Pili, udhamini ulipohamia Umoja wa Mataifa, ujumbe wa Baraza la Udhamini ulizuru Ruanda-Urundi na Tanganyika mwaka 1948, naye akawakabidhi ombi: Bugufi ni ya Burundi, irudishwe. Hoja yake ilikuwa na nguvu. Watu ni wale wale, lugha ni ile ile, na mwaka 1919 hakuna aliyewauliza. Lakini wajumbe walipofika Bugufi, walikuta miaka karibu thelathini imefanya kazi yake. Watu wa huko walikuwa na chifu wao chini ya Mwingereza, na hawakutaka kurudi chini ya mwami wa ng'ambo. Kwa Mwambutsa mawe yale yalikuwa kidonda cha utoto wake. Kwa Wahangaza wengi yalikuwa ukuta wa nyuma wa nyumba yao. Bugufi haikurudi.

Tanganyika ikapata uhuru Desemba 1961, Burundi Julai 1962. Julai 1964 wakuu wa nchi za Afrika walikutana Cairo, na Mwalimu Nyerere akawa mbele katika azimio la kwamba kila nchi iiheshimu mipaka iliyoikuta siku ya uhuru. Reli ya Cape hadi Cairo ilikuwa ndiyo iliyoanzisha fujo ya Gisaka. Cairo hiyo hiyo ikaifungia Bugufi mahali pake. Naona Mwalimu alikuwa sahihi, ingawa usahihi wenyewe ulikuwa wa kuchagua baya lililo dogo. Bara ambalo lingeanza kuhamisha mawe lingekuwa bado linayahamisha.

Ila mpaka wa kwenye hati na mpaka wa kwenye maisha haikuwahi kufanana. Watu wa vilima hivi wanaoana, wanauziana ndizi, wanazikana. Mgonjwa huenda zahanati iliyo karibu bila kuuliza ni ya nani. Kihangaza na Kirundi husikilizana bila mkalimani. Mara nyingi mtu humjua jirani wa ng'ambo kwa ukoo kabla ya kumjua kwa uraia.

Kisha kuna siku ambazo mpaka huwa ndio kitu pekee duniani. Tarehe 28 na 29 Aprili 1994, karibu miaka mia kamili tangu von Götzen avuke Rusumo akienda magharibi, watu wapatao 250,000 walivuka daraja hilo hilo wakija mashariki kutoka Rwanda, kwa muda wa kama saa 24. Umoja wa Mataifa ulikuwa haujawahi kuona wakimbizi wengi namna hiyo kwa muda mfupi namna hiyo. Chini ya daraja, Kagera ulikuwa unapitisha maiti wa mauaji ya kimbari kuelekea Ziwa Victoria. Ngara, wilaya ambayo wengi nchini hawakuweza kuionyesha kwenye ramani, ikawa na kambi kubwa kuliko miji mingi ya Tanzania. Kambi hiyo iliitwa Benaco, jina la kampuni ya Kiitaliano ya ujenzi wa barabara. Misitu ya vilima iliisha kwa kuni. Hasira za wenyeji kuhusu hilo hazijaisha zote.

Mwaka 2013 mpaka uligeuka upande wa pili. Serikali iliwapa wahamiaji wasio na kibali wiki mbili waondoke, kisha Septemba ikaanza Operesheni Kimbunga katika mikoa ya Kagera, Kigoma na Geita. Maelfu walitolewa, wakiwemo waliokuwa wameishi nchini kwa miongo, wenye wake, waume na watoto wa hapa. Uliulizwa ulizaliwa wapi. Uliulizwa baba yako alizaliwa upande gani wa kilima. Rundo la mawe la 1924, ambalo babu alilitumia kuketi akichunga, likawa ndilo linaloamua kama mjukuu ni mwenyeji au mgeni.

Mwaka uliofuata, Agosti 2014, Rais Jakaya Kikwete na Rais Pierre Nkurunziza wa Burundi walikutana mpakani, kati ya Ngara na Muyinga, wakazindua kazi ya kuhakiki na kuimarisha alama za mpaka. Alama za zamani zilikuwa zimeachana mno, nyingine zimeanguka, nyingine hazionekani. Nguzo za zege zikaanza kuongezwa katikati, na safari hii wapimaji hawakuhitaji kupanda kilele kimoja kutazama kingine kwa darubini, kwa kuwa mahali pa nguzo panasomwa kutoka kwenye setilaiti. Mstari uliokuwa wazo kati ya kilima na kilima ukashuka mashambani, na palipotokea kwamba shamba la mtu liko nchi mbili, au nyumba yake iko nchi moja na choo chake kiko nchi nyingine, mambo hayo yalibidi yazungumzwe na watu wa vijiji vya pande zote mbili, mmoja baada ya mwingine.